Mikono Yetu Juu ya Kioo

Kama asubuhi ya leo umeamka vidole vimevimba na vinakataa kukunjika, na hujui umepatwa na nini, haya nimekuandikia wewe. Naitwa Tusajigwe, mfinyanzi wa huku ukingoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Ukinga. Udaktari siujui. Ninachojua ni yale yaliyonipata mimi, na kwa kuwa maumivu sasa yamepungua kiasi cha kuniachia nishike kalamu, nitayasema kama yalivyokuwa. Naandika mistari michache kwa siku. Kalamu nimeizungushia kitambaa iwe nene, maana nyembamba inaniponyoka.

Yalianza mwishoni mwa masika, mpunga wa Bujonde ulipokuwa unageuka rangi. Nilikuwa na watoto wawili wa kike. Lugano alikuwa na miaka tisa, na Sekela alikuwa mchanga wa miezi sita, bado mgongoni. Siku hiyo nilikuwa nafinyanga chungu kikubwa cha maji. Nilipofika kwenye shingo ya chungu vidole vikakosa nguvu, udongo ukabonyea ndani. Nikaanza upya, ukabonyea tena. Nikasema ni uchovu wa kunyonyesha.

Wiki ile ile vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vikavimba, vikawa vya moto ukivigusa. Kisha mkono wa kushoto ukafuata, kidole kwa kidole, kana kwamba umefundishwa. Bangili ya shaba niliyovishwa siku ya harusi ikawa haipiti kwenye kifundo cha mkono. Mume wangu, Asajile, aliikata kwa tupa, huku mimi nimeuma ukosi wa nguo nisipige kelele. Baadaye ikawa zamu ya miguu. Kila nilipokanyaga chini asubuhi ilikuwa kama kuna changarawe ndani ya nyayo. Mpaka jua lilipofika juu ya paa ndipo viungo vilipolegea nikaweza kuchota maji, nusu ya mtungi.

Kiangazi chote kile nilitibiwa kwa majani. Nilifukizwa chini ya mkeka, nilichanjwa chale kwenye viganja, nilipigwa chuku ya pembe kwenye magoti. Sitayadharau. Mvuke ulinipa nafuu ya saa moja au mbili, na mtu mwenye maumivu hadharau saa moja. Mvua za kwanza zilipoanza nikaenda misheni, mke wa mchungaji akanipa dawa ya unga mweupe wa kukoroga kwenye maji. Dawa ile ilipunguza uvimbe, lakini masikio yakaanza kulia kama nyenje wa mchana kutwa, na tumbo likawaka. Nilikonda. Mwanamke aliyekuwa akibeba vyungu sita kichwani kwenda kubadilishana na mchele huko Ipyana, sasa alishindwa kujifuta jasho.

Mwaka wa pili vidole vilianza kupinda. Vililala upande, vyote vikielekea kwenye kidole kidogo, na vile vya kati vikajikunja visiweze kunyooka. Nilipovitazama niliona mikono ya mtu mwingine. Na si mimi peke yangu niliyeitazama.

Miaka ile serikali ya Wajerumani ilikuwa imefungua kijiji cha wakoma huko bondeni, ng'ambo ya mto, na majumbe waliamriwa kuandika majina ya wagonjwa wote. Jumbe wetu alifika kwetu katikati ya kiangazi akiwa na askari mmoja. Alisimama mbali, karibu na mgomba wa mwisho.

"Nyoosha mikono," akaniambia.

"Hainyooki, jumbe."

"Nimeona." Akamgeukia askari, akamtajia jina langu, askari akaandika. "Mpunga ukishavunwa mwakani utapelekwa. Mpaka hapo usikae na watu."

Hakusogea hata hatua moja. Aliangalia mikono yangu kwa muda usiotosha mtu kunywa kibuyu cha maji, akaenda zake.

Asajile alichukua panga akaanza kukata mianzi. Kwa siku mbili alijenga kibanda mwisho wa shamba la migomba, akaweka kitanda cha kamba na bakuli moja la udongo. Sekela aliachishwa ziwa siku hiyo hiyo. Alilia kwa siku tano. Nilimsikia, na maziwa yalikuwa yakinitoka yakilowesha nguo, na sikuruhusiwa kwenda. Siku ya sita hakulia tena, na huko kunyamaza kwake kuliniuma zaidi. Baada ya majuma machache alikuwa amejua mahali pa kusimama. Akinifuata, akifika kwenye mfereji wa maji ya mvua anasimama mwenyewe, ananitazama, kisha anageuka. Hakuna mtu aliyemkemea. Alikuwa amejifunza.

Mama mkwe wangu na mimi hatukuwa tumepatana. Yeye pia alikuwa mfinyanzi, na tangu niolewe alikuwa akisema vyungu vyangu vina makalio mazito. Kwa hiyo nilishangaa siku ya nane nilipomwona anavuka ule mfereji, ameshika ugali na dagaa katika ungo. Akaketi chini mbele yangu, akanawa, akamega, akachovya kwenye bakuli langu.

"Mama, utaambukizwa," nikamwambia.

"Kwa umri huu nibaki nikiogopa nini? Kula."

Tukala. Alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku moja nilijisahau nikashika chungu cha uji kilichotoka motoni, nikavuta mkono kwa kasi huku nikipiga ukelele. Mama mkwe akaacha kula.

"Umeungua?"

"Nimeungua, mama."

"Lete nione." Alinishika vidole, akavigusa kimoja kimoja kwa kucha yake. "Hapa unasikia? Na hapa?" Nilikuwa nasikia pote, tena kwa uchungu. Akaviachia. "Kaka yangu marehemu alikuwa na ukoma. Aliwahi kuokota kaa la moto akalishikilia, tukaanza kusikia harufu ya nyama kabla yeye hajajua. Vidole vyake havikulia. Vyako vinalia."

Jioni ile nilimsikia kule nyumbani akizungumza na mwanawe, na hakupunguza sauti.

"Asajile, mkeo ana ukoma au hana?"

"Jumbe amesema anao."

"Sikukuuliza jumbe amesema nini. Kama hujui, kajue. Umejenga kibanda kwa siku mbili, huwezi kutafuta jibu kwa miezi hii yote?"

Nitakuwa mkweli kuhusu mume wangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya awe na mikono ya haraka na mdomo mzito. Lakini maneno ya mama yake yalimwingia. Kazi yake ilikuwa kukata kuni za meli kule Mwaya, na huko mchochea moto mmoja wa meli alimweleza habari ya hospitali ya misheni juu ya mlima, ng'ambo ya ziwa, upande wa Waingereza. Alisema wanawasha taa kwa nguvu ya maporomoko ya maji, na wana kioo kinachopiga picha ya mifupa ndani ya nyama. Asajile alikubaliana na nahodha: angekata kuni msimu mzima, nasi tungepelekwa.

Tuliondoka katikati ya mvua. Kwenye meli niliketishwa nyuma kabisa, juu ya rundo la kuni, na abiria wakaacha nafasi kubwa kati yao na mimi. Tulishuka ng'ambo tukakuta mlima umesimama kama ukuta. Watu wanne walinibeba kwa machila katika njia inayojipinda na kujirudia, udongo unateleza, na kila walipoyumba magoti yangu yalijibu. Asajile alitembea mbele. Mara moja mbebaji mmoja alianguka, na Asajile akashika mti wa machila bila kufikiri, akaubeba mpaka juu.

Daktari hakuwepo. Alikuwa amesafiri kutazama wagonjwa wa vijijini, na tuliambiwa tumngoje. Tulingoja siku kumi na moja katika baraza ya hospitali. Ukingoja hivyo unawajua watu kwa vidonda vyao kabla ya kuwajua kwa majina. Palikuwa na mzee mwenye mguu uliovimba kama gogo, na mama aliyekuwa akimpepea mtoto wake bila kupumzika. Benchi lilikuwa gumu. Huko juu kuna baridi na ukungu, na baridi iliingia kwenye viungo vyangu ikakaa. Nilijifunza kuhesabu asubuhi kwa mambo madogo: leo nimefungua kiganja kabla ukungu haujaondoka, leo baada yake.

Msaidizi wa daktari aliitwa Yoramu, Mngonde wa huko Karonga. Kingonde na Kinyakyusa chetu ni ndugu, kwa hiyo tulielewana. Siku ya kwanza alikuja moja kwa moja kwenye benchi letu.

"Mugonile, mama," akanisalimia kwa lugha yetu, akanyoosha mkono.

Nilisita. Nilikuwa sijashikwa mkono na mwanaume yeyote tangu kiangazi. Alingoja. Nilipoutoa aliushika kwa uangalifu, kama mtu anayepokea yai.

"Ndaga fijo," nikamjibu, asante sana.

Daktari aliporudi, akiwa bado na matope kwenye viatu, aliniita. Alikuwa Mskoti mrefu mwenye sauti ya chini. Alinifunga macho kwa kitambaa, kisha Yoramu akanigusa mikono kwa unyoya, akanichoma kwa pini, mara hapa, mara pale, nami nikawa nasema ni wapi. Sikukosea hata mara moja. Nilipofunguliwa macho nilimwona daktari ametikisa kichwa kidogo, akaongea, Yoramu akanifasiria.

"Daktari anasema vidole vyako viko macho. Yeye haoni ukoma. Lakini anasema, ukirudi na maneno tu, boma lenu litasema umetumwa na Waingereza. Anataka waone kwa macho. Na yeye mwenyewe anataka kujua ni nini hasa, kwa sababu kuna magonjwa ya mifupa yanayofanana, na nje hayaonekani vizuri."

"Na picha ikionyesha kwamba nimeoza ndani?" nikauliza.

Yoramu hakuharakisha kunifariji. "Itakuwa umejua," akasema.

Chumba cha picha kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa kwa nguo nyeusi. Katikati palikuwa na meza, juu yake imening'inia chupa ya kioo iliyotokwa na nyaya pande zote. Kwenye meza waliweka kioo bapa kilichofungwa karatasi nyeusi, nikaambiwa niweke juu yake mkono wa kulia. Haukulala sawa. Yoramu aliuegemeza kwa vifuko vya mchanga, taratibu, akiniuliza kila mara kama naumia. Naumia, nilisema, lakini endelea.

"Sasa usitikisike. Hata kikohozi, kimeze."

Palitoka mlio wa kutatarika, kama mafuta yanapomwagikiwa maji, na ile chupa ikawaka mwanga wa kijani kama wa vimulimuli. Hewa ikanuka kama baada ya radi kupiga karibu. Mkono haukusikia chochote. Hilo ndilo lililonitia hofu kubwa, kwamba kitu kinapita ndani yangu nami sikisikii. Nilitazama vidole vyangu katika ule mwanga nikavionea huruma kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nikivichukia.

Walipomaliza, daktari alisema neno, na Yoramu akamwita Asajile aliyekuwa mlangoni.

"Tunataka na mkono wa mtu mzima, tulinganishe. Weka wako."

"Wangu wa nini? Mimi siumwi."

"Ndiyo maana."

Kioo kipya kiliwekwa, lakini meza ilikuwa ile ile, na vifuko vya mchanga vilikuwa vile vile vilivyogusa ngozi yangu. Asajile aliiangalia meza. Nilijua anawaza nini, na Yoramu alijua pia, kwa sababu aliacha kumsemesha. Hatimaye Asajile alipangusa kiganja kwenye nguo yake, akakilaza pale nilipokuwa nimelaza changu. Ule mlio ukaanza tena. Alifumba macho mpaka mwisho.

Vioo vilipaswa kuoshwa kwa dawa na kukaushwa. Tulingoja mpaka kesho yake. Katika miaka yote ya ugonjwa huu hakuna siku iliyokuwa ndefu kama ile.

Asubuhi daktari alitupeleka dirishani akainua vioo viwili dhidi ya mwanga. Kwanza sikuelewa ninachokiona. Kisha nikaona mifupa, myeupe kwenye giza, na nyama kama kivuli cha moshi kuizunguka. Asajile alirudi nyuma hatua moja. Aliutazama mkono wake hai, kisha ule wa kwenye kioo.

Daktari alionyesha kwa ncha ya kalamu, Yoramu akifasiri. "Huu ni wa mumeo. Kila penye kiungo kuna nafasi, mfupa na mfupa haigusani. Sasa wako. Anza na ncha za vidole. Zote zipo, nzima. Ukoma mara nyingi hula ncha, mfupa unachongeka kama penseli. Wako hauna hilo. Sasa njoo hapa kwenye vifundo."

Niliona mwenyewe. Nafasi zilikuwa zimebanwa, na kandokando ya mifupa palikuwa na vipande vimeliwa, kama mdomo wa chungu cha siku nyingi uliomeguka meguka. Nimeshika vyungu vya namna hiyo maisha yangu yote. Sikuhitaji kufasiriwa.

"Huu ni ugonjwa wa viungo," Yoramu akaendelea. "Viungo vyenyewe vinawaka moto kutoka ndani. Kwa nini, daktari anasema hajui, na hajui anayejua. Hauambukizi. Hukuupata kwa mtu, wala huwezi kumpa mtu. Lakini anasema asikudanganye. Hauna dawa ya kuumaliza. Utatulia, utaamka, utatulia. Kilicholiwa hakitarudi."

Nililia. Watu wengi hudhani nililia kwa furaha. Ndiyo, ilikuwepo. Lakini nililia pia kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mikono yangu ya zamani haipo tena mahali popote, hata ndani.

Tuliposhuka mlima nilitembea sehemu za tambarare, nimemshika Asajile begani. Tulipopumzika alisema bila kunitazama, "Nilikujengea kibanda."

"Ulijenga vizuri. Hakikuvuja."

Akainamisha kichwa. Sikusema vile kumuumiza, wala sikusema kumsamehe. Ilikuwa kweli tu. Kusameheana kulikuja baadaye, vipande vipande, na kuna siku kulirudi nyuma.

Daktari alikuwa ametupa barua na nakala ya picha kwenye karatasi. Tuliipeleka kwa mkubwa wa serikali pale Mwaya. Alisoma barua, akaipeleka picha kwenye mwanga, akaniita karibu, akailinganisha na mkono wangu kwa muda. Kisha akamwambia karani neno moja. Karani akafungua daftari, kalamu ikapita juu ya jina langu. Niliona chini ya jina langu yapo majina mengine.

"Na hawa wamepigwa picha?" nikauliza.

Karani alifunga daftari. "Picha uliyoleta ni yako, mama."

Neno hilo limenikaa. Kati ya majina yale palikuwa na la mwanamke mmoja wa Bujonde niliyekuwa nikimwuzia vyungu. Alipelekwa baada ya mavuno. Huenda alikuwa na ukoma kweli. Huenda hakuwa nao. Sikuwahi kujua, na aliyekuwa na uwezo wa kujua hakuuliza. Ndiyo maana nakuambia wewe unayesoma: ukiambiwa una ugonjwa fulani kwa kutazamwa kutoka kwenye mgomba wa mwisho, usikubali. Omba ushikwe. Omba uchunguzwe. Kama kuna kioo, omba kioo, hata kama ni mbali.

Haya mengine nimejifunza polepole. Unga mweupe naunywa baada ya kula, si kabla. Viungo vikiwa vya moto navipumzisha. Vikipoa navifanyia kazi, visije vikaganda. Asajile alinichongea vibao viwili vya kulalia mikono isizidi kupinda. Wakati wa baridi ya pepo za mwera tunakwenda maji moto ya Kilambo, nakaa mpaka kiunoni, na huko kwa muda wa asubuhi moja nakuwa sina umri. Vyungu vikubwa nimeviacha. Nafinyanga vibakuli na vifuniko, na Lugano ndiye anayefinyanga mitungi. Mama mkwe anasema makalio ya mitungi yake ni mepesi, amshukuru Mungu hakunifuata mimi.

Lakini Sekela hakurudi upesi. Hili hakuna daktari aliyenionya. Nilipofika nyumbani alijificha nyuma ya bibi yake. Nilibomoa kibanda, nikalala ndani ya nyumba, nikala naye kwenye sinia moja, na bado akisogea karibu nami alisimama hatua mbili kabla, mahali ambapo hapakuwa na mfereji wowote. Watu waliniambia nimkamate nimpakate, atazoea. Sikutaka. Yeye hakuchagua kuogopa, tulimfundisha sisi. Mavuno yakapita, kiangazi kikapita. Alinisalimia, alinijibu, alinipa vitu kwa kuviweka chini.

Jumapili moja, mvua zikiwa zimeanza upya, viungo viliamka vibaya. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia, wenzangu wote wameshatoka, nami nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba nikishindwa kufunga kaniki yangu kifuani. Fundo lilifunguka mara ya tatu, nguo ikaanguka. Nikainama kuiokota, sikuweza hata hilo. Nilipoinua macho Sekela alikuwa mlangoni.

"Inaanguka," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Vidole vimekataa."

Alifikiri. Kisha akapita zile hatua mbili, akaokota pembe za nguo, akaniambia, "Chuchumaa." Nikachuchumaa kwa shida. Vidole vyake vidogo vilihangaika chini ya kidevu changu, ulimi umetoka nje kwa bidii, pumzi yake ikinigusa shingoni. Alifunga fundo kubwa, baya, la kupinda. Akalivuta kulipima.

"Twende," akasema, akanishika kidole kimoja, kile kilichopinda kuliko vyote, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Tulichelewa kanisani. Wimbo wa kwanza ulikuwa umeshaisha. Fundo lilifunguka katikati ya sala, mama mkwe akalidaka, nasi watatu tukacheka vichwa vimeinama, mpaka mchungaji akatutazama.